Mwalimu Aliyenifundisha Umri wa Mawe

Nilihamishiwa Bariadi mwaka uleule mwanangu alipoanza chuo Dodoma. Ndoa yangu ilikuwa imekwisha kitambo, bila kelele wala kikao cha wazee. Tuliacha tu kupigiana simu, kwanza yeye, halafu mimi. Kwa hiyo nilipoambiwa nahamia Simiyu sikuwa na mtu wa kumuuliza anaonaje. Nilifunga vitu vyangu nikapanda basi.

Mimi ni mjiolojia wa maji. Watu wakisikia hivyo hufikiria dhahabu, lakini kazi yangu ni kupima ardhi na kusema hapa tuchimbe kisima, hapa tusipoteze muda. Kwetu ni Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu, kwenye migomba na mvua isiyojua kukoma, na udongo wa majivu ya volkano unaootesha kila kitu. Simiyu ni nchi nyingine kabisa. Ardhi imelala, anga halina mwisho, na katikati ya mashamba ya pamba unakuta mawe makubwa ya graniti yamekaa tu, mengine yamepandana, na ng'ombe wamejipumzisha kwenye kivuli chake.

Mchana sikuwa na shida. Kazi inajaza mchana. Vijijini walinipokea vizuri, nikajifunza kuitikia "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" jua likishapinduka, na watu walifurahi kunisikia nikijaribu. Lakini baada ya salamu mazungumzo yalihamia Kisukuma moja kwa moja, nami nikabaki natabasamu. Mara mtu akanikumbuka: "Samahani mama, tulikuwa tunaongelea ng'ombe wa jirani." Nikasema hakuna tabu. Kweli hakukuwa na tabu. Walikuwa kwao, wanaongea lugha yao.

Shida ilikuwa saa kumi jioni, ofisi ikifungwa. Wengi wetu tulikuwa wa kuja, kila mmoja na mkoa wake, na kila mmoja alikuwa na mtu nyumbani. Mimi nilirudi kwenye nyumba ya kupanga karibu na barabara ya Ngulyati, nikapika ugali mwingi kupita kiasi kwa sababu mkono haukuwa umezoea kupimia mtu mmoja. Nilikula nikiwa nimewasha redio. Sikuwa nasikiliza, nilitaka tu sauti ya mtu ndani ya nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia yeyote, kwa kuwa lingeonekana la kijinga. Mawe ya kule yaliniongezea upweke. Graniti ya Simiyu ni ya eoni ya Arkeani, umri wake unapita miaka bilioni mbili na nusu. Wakati inapoa kutoka kwenye uji wa moto hapakuwa na samaki duniani, wala mdudu, wala jani. Nimewahi kufanya kazi kwenye miamba ya pwani ambayo ukiipasua unakuta kombe, unakuta alama ya kitu kilichowahi kutambaa. Hata kama umeachwa peke yako porini, unajua kuna mtu alipita kabla yako, ingawa ni konokono. Simiyu unapasua jiwe, unakuta jiwe.

Aliyenifundisha haya yote kwa mara ya kwanza alikuwa mwalimu wetu wa jiografia, sekondari kule Rungwe. Wakati huo alikuwa kijana, mrefu, mwenye suruali fupi kidogo kwa miguu yake, na sisi wasichana tulimcheka kwa jinsi alivyotamka maneno. Siku moja aliingia darasani na beseni la maji. Akatoa mfukoni jiwe jepesi la volkano, lile lenye vitundu, akalitia majini. Likaelea. Darasa zima likapiga kelele.

"Hili ni jiwe kichanga," alisema. "Limezaliwa juzi, kwa saa ya dunia. Ninyi watu wa Rungwe mnakaa juu ya watoto wachanga. Kwetu Usukumani mawe ni vikongwe. Ukitaka kuheshimu jiwe, njoo kwetu."

Kisha akatuchorea ubaoni. Somo lilikuwa kwa Kiingereza, lakini yeye alikuwa na tabia ya kufunga mlango na kueleza upya kwa Kiswahili. Alituambia wanasayansi wameigawa historia ya dunia kama mtu anavyogawa mkoa kuwa wilaya, kata na vijiji. Eneo kubwa kuliko yote ni eoni. Ndani ya eoni kuna era, ndani ya era kuna vipindi, na vipindi navyo vinakatwa vipande vidogo zaidi. Eoni yetu sisi ni Fanerozoiki, maana yake uhai unaoonekana. Ndani yake kuna Paleozoiki, uhai wa kale; Mesozoiki, uhai wa kati, ndio wa madinosaria; na Kenozoiki, uhai mpya, tuliomo. Alitukaririsha vipindi kwa kuimba, tukipiga madawati: Kambria, Ordovisi, Siluri, Devoni, Karboni, Permi. Hata leo nikiyasema mdomo unataka kuyaimba.

Niliipenda jiolojia kwa sababu ya beseni lile. Nikaenda chuo, nikaajiriwa, miaka ikapita. Sikuwahi kumtafuta.

Nikiwa na mwaka wa pili Bariadi, nilipelekwa Maswa kukagua visima vilivyopungua maji. Kijiji kimoja, mwenyekiti wa kamati ya maji aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Tukuyu.

"Tukuyu!" akasema. "Kule Ipililo yupo mwalimu mstaafu alifundisha huko maisha yake yote. Alirudi na familia, akajenga. Siku hizi hatoki sana."

Nilimuuliza mwalimu wa somo gani. Akasema hajui, ila alipokuwa mzima alisumbua watu na habari za mawe.

Siku hiyo sikulala vizuri kwa furaha. Mkoa mzima sikuwa na mtu hata mmoja aliyenijua nikiwa mdogo. Wote walinijua kama mama wa maji, mtu mzima mwenye gari la ofisi na mashine. Sasa kumbe saa chache kutoka kwangu kulikuwa na mtu aliyewahi kunitoa darasani kwa kucheka! Jumamosi nilivaa kitenge changu kizuri, nikanunua sukari, majani ya chai na sabuni, nikaenda.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati jekundu, uwanja umefagiwa. Alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti cha uvivu, amevaa sweta ingawa jua lilikuwa kali. Nilimtambua kwa miguu. Suruali bado ilikuwa fupi.

"Shikamoo mwalimu," nikasema.

"Marahaba." Aliniangalia kwa adabu. "Umekuja kwa ajili ya pampu?"

Nikamwambia jina langu, jina la shule, mwaka. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa nakaa dawati la mbele karibu na dirisha. Alitikisa kichwa akisikiliza, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine. Nilipomaliza akasema, "Pampu imekufa tangu kiangazi. Mwambie mkubwa wako."

Mke wake alitoka ndani akijifuta mikono. Alikuwa mama mfupi, mnene kiasi, na mwendo wa haraka. Alinivuta pembeni kwa upole. "Usimchukie, mwanangu. Kichwa kimeondoka. Ni mwaka wa tatu sasa. Hata mimi siku nyingine hanijui. Umetoka wapi?"

"Nafanya kazi Bariadi, mama. Lakini kwetu ni Tukuyu."

Aliweka mkono mdomoni, akanitazama usoni kwa muda kana kwamba anatafuta mtu ndani yangu. Halafu akasema polepole, kwa Kinyakyusa, "Ugonile."

Ilikuwa salamu ya kwetu ya asubuhi. Niliitikia, nikamshika mikono yote miwili. Kumbe alikuwa binti wa kule kwetu. Mwalimu alimwoa Rungwe, na alipostaafu akamfuata huku. Hakuwa amezungumza lugha yake na mtu ana kwa ana tangu walipohamia, isipokuwa kwenye simu na dada yake, na dada alikuwa amefariki. Tulikaa jikoni mpaka chai ikapoa. Aliuliza mambo ya ajabu: je, bado ukungu unashuka mpaka barabarani? Maharage mabichi bado yanapikwa na ndizi? Nilijibu kila kitu. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mwalimu na nikajikuta nacheka na mke wake kama ndugu.

Kabla ya kuondoka nilirudi kibarazani kuaga. Sijui kilichonituma, labda ni kukata tamaa. Nilianza kuimba kwa sauti ya chini, nikigonga mkono wa kiti: "Kambria, Ordovisi, Devoni..."

"Siluri," alisema mwalimu.

Niliacha kugonga kiti.

"Siluri kabla ya Devoni. Umeruka Siluri. Rudia."

Nilirudia. Alinisahihisha mdundo. Akaendelea mwenyewe, Karboni, Permi, akavuka mpaka Triasi, Jura, Kretasi, kidole kikipiga hewani. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Hajasema maneno mengi namna hii tangu tulipovuna mahindi," alisema.

Basi nikawa nakwenda kila Jumamosi niliyoweza. Mama alipata nafasi ya kwenda jumuiya, au kulala tu kidogo mchana, kwa kuwa usiku mwalimu aliamka na kuzunguka. Mimi nilikaa na mwalimu kibarazani tukitafuna michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, na alinifundisha upya. Hakujua mimi ni nani. Siku moja nilikuwa mkaguzi wa elimu, siku nyingine mfadhili wa kanisa. Lakini alifundisha.

"Kwa nini wamekata hapa na si pale?" aliniuliza siku moja, na macho yake yalikuwa makali kama zamani.

"Kwa sababu ya visukuku, mwalimu."

"Eleza. Mtihani hautaki neno moja."

Nikaeleza kwamba mipaka ya vipindi haikupimwa iwe sawasawa, ndiyo maana kimoja ni kirefu na kingine kifupi. Wanasayansi walifuata miamba tabaka kwa tabaka, wakitafuta mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na pale walipoona viumbe fulani wametoweka na wengine wamejitokeza, wakasema hapa pamekwisha kitu, hapa pameanza kingine. Kisha hukutana na kukubaliana ni mwamba gani, nchi gani, utakuwa alama ya mpaka huo kwa dunia nzima, na mahali pengine wanapigilia kabisa kipande cha chuma kwenye jiwe.

"Vizuri. Na kabla ya Kambria? Huko ambako hakuna visukuku vya kuonekana?"

"Huko wanakata kwa miaka mitupu, mwalimu. Mpaka wa Arkeani na Proterozoiki, eoni inayoifuata, umewekwa kwa namba tu."

"Kwa nini?"

"Hapakuwa na mtu wa kuacha alama."

Alicheka. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka katika Jumamosi zote zile. "Hapakuwa na mtu," alirudia. "Na hiyo ndiyo sehemu kubwa. Karibu yote! Kitabu kinaipa ukurasa mmoja." Kisha akachoka, akauliza habari za pampu.

Kwa kazi yangu nimezoea mambo yapangike: cha juu ni kipya, cha chini ni cha zamani, na kinachoondoka kwanza ni cha juu. Nilitegemea akili yake nayo ifuate utaratibu huo, asahau ya jana na kubaki na ya ujana. Haikuwa hivyo. Alisahau Jura, akakumbuka mchana alikula nini. Alisahau jina la mwanawe wa kwanza, akajua bei ya pamba ya msimu uliopita. Wiki moja alitaja vipindi vyote bila kosa, wiki iliyofuata alikataa kabisa kwamba dunia ina umri. Nilijaribu kuona mpango wowote, nikashindwa, na nilirudi Bariadi nimechoka kuliko siku za kupima visima.

Kiswahili nacho kilianza kumtoka. Alibaki na Kisukuma, lugha ya mama yake, na hapo ndipo nilipouona upweke wa mke wake kuwa mkubwa kuliko wangu. Yeye na mumewe walikuwa wameoana kwa Kiswahili. Walichumbiana, waligombana, walilea watoto kwa Kiswahili. Kisukuma chake kilikuwa cha sokoni na kanisani. Sasa mume alizungumza siku nzima na yeye aliokota neno moja moja.

Jumamosi moja nilimkuta mama getini bila kitambaa kichwani. "Hayupo," alisema. "Nilikuwa nakamua maziwa. Hayupo."

Tulitafuta kwenye shamba la mahindi, tukauliza kwa jirani, tukaenda mpaka lambo wanapokunywa ng'ombe. Jirani mmoja, mwanamume wa makamo, alituongoza kwenye mawe nyuma ya mashamba, rundo la graniti lililozungukwa na minyaa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kivuli, hana kiatu kimoja, anagongagonga mwamba kwa kokoto. Alikuwa mzima. Mama alimkimbilia, akapiga magoti, akaanza kumfuta mavumbi usoni.

Mwalimu alirudi nyuma kidogo. Akamgeukia jirani na kusema maneno mengi ya Kisukuma kwa sauti ya heshima.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

Jirani aliangalia chini. "Si kitu, mayu."

"Niambie."

"Anauliza hawa akina mama wawili ni wageni wa nani."

Upepo ulikuwa unavuma kwenye minyaa. Mimi nilitamani kuwa mahali pengine popote. Mama aliendelea kumfuta vumbi, mkono haukusimama.

"Mwambie ni wageni wake," alisema.

Jirani akamwambia. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akainuka kwa shida, akatuonyesha njia ya nyumbani kwa mkono, kama mwenyeji anavyofanya. Tulimfuata. Alitembea mbele na kiatu kimoja, na mama alibeba kile kingine tulichokiokota njiani.

Alifariki mvua za kwanza zilipoanza, kwa homa ya mapafu. Nilipewa taarifa nikiwa kazini Meatu, upande wa Bukundi, na nilipofika Ipililo nilikuta maturubai yamefungwa na ng'ombe ameshachinjwa. Watu walikuwa wengi. Ndugu walimzungumzia kama mtoto wa ukoo, majirani kama mtu mpole, kanisa kama mzee aliyetoa tofali. Yote yalikuwa kweli, lakini hakuna aliyemtaja akiwa na chaki. Nusu ya maisha yake ilikuwa Rungwe, na pale uwanjani Rungwe ilikuwa mimi na mama tu.

Mwongoza ratiba aliuliza kama kuna aliyetoka mbali. Mama alinitazama. Nikasimama.

"Mimi nilikuwa mwanafunzi wake," nikasema. "Alinifundisha umri wa dunia na jinsi unavyogawanywa. Kwa ajili yake nimekuwa mtu wa mawe na maji."

Mzee mmoja wa ukoo aliinua mkono. "Binti, hayo mawe pale nyuma, yana umri gani? Alikuwa anatuambia, tukadhani anatania."

Nilimwambia. Minong'ono ikapita uwanjani. Mzee akauliza tena, "Miaka yote hiyo, bila mtu?"

"Bila mtu, baba. Bila hata nyasi."

Alikaa chini taratibu. "Pole kwao," alisema, na watu wakacheka, kicheko kile cha msibani kinachosaidia watu kupumua. Mama naye alicheka, kisha akajifunika uso kwa khanga.

Baada ya arobaini, binti yao alimchukua mama kwenda kuishi naye Mwanza. Mama aliniuliza kama nadhani arudi Tukuyu badala yake, na nilitamani kumwambia ndiyo, arudi, ili angalau mmoja wetu awe nyumbani. Lakini kule hakuwa na mtu tena, na wajukuu walikuwa Mwanza. Nilimsaidia kufunga magunia. Tulipoagana tulisema "ndaga fijo" mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kila mmoja akimshukuru mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyetaka neno la mwisho liwe lake.

Nyumba ya Ipililo anakaa mpwa wa mwalimu. Ninapopita na gari la ofisi naona pamba imepandwa mpaka karibu na kibaraza. Sisimami.

Mama hunipigia Jumamosi. Mwanzoni tulikuwa na mengi. Sasa habari zimepungua, yeye habari zake ni za wajukuu na mimi za visima. Juzi aliniuliza, "Jumamosi siku hizi unafanya nini?"

"Nafua, mama."

"Ukimaliza kufua?"

"Nakaa."

"Pika ndizi," alisema. "Hata kama ni za dukani. Pika vizuri, na maharage, ukae mezani ule."

Nilimwahidi. Hakukata simu, nami sikukata. Nilisikia pikipiki za Mwanza, mtoto akilia mahali, na mama akihema. Muda wa maongezi ulipokwisha nilikwenda sokoni. Ndizi nilizopata zilikuwa ndogo na zimeanza kuiva, lakini nilizinunua, nikazimenya, nikazibandika jikoni.